Ng'ombe wamekufa, ofisi imefungwa: namna fidia ya maafa inavyowafikia wafugaji wa Marekani

Serikali ya Marekani hulipa mabilioni ya dola kwa mashamba na ranchi zilizopigwa na ukame, moto au theluji. Lakini kati ya mzoga shambani na pesa benki kuna sheria, ramani na karatasi, na si kila aliyepoteza hufika mwisho wa njia hiyo.

Tarehe 4 Oktoba 2013, wakati theluji nzito ilipokuwa ikifunika magharibi mwa jimbo la South Dakota, mlango wa ofisi ambako mfugaji angeenda kutangaza hasara yake ulikuwa na kufuli. Siku tatu kabla, tarehe 1 Oktoba, serikali kuu ya Marekani ilikuwa imesimamisha sehemu kubwa ya shughuli zake kwa sababu wabunge mjini Washington walishindwa kuelewana juu ya bajeti. Watumishi wa Wizara ya Kilimo kwenye kaunti walikuwa nyumbani. Simu zilikuwa hazijibiwi.

Hata kama ofisi ingekuwa wazi, mtumishi asingekuwa na kitu cha kumpa mfugaji. Mpango wa kulipa fidia ya mifugo iliyouawa na hali ya hewa ulikuwa umekwisha muda wake tangu mwaka 2011, na Bunge lilikuwa halijaupitisha upya.

Kisa hicho ni cha zamani kidogo, lakini kinaonyesha vizuri kuliko kingine namna nchi tajiri inavyosaidia wakulima wake siku ya maafa. Pesa ipo, tena nyingi. Ila haimfuati mtu kwa sababu ya uchungu wake. Inafuata sheria iliyokuwa hai siku ile, mpaka wa kaunti yake na karatasi alizo nazo mkononi.

Siku ambazo mvua iligeuka theluji

Dhoruba hiyo iliitwa Atlas. Ilianza tarehe 3 Oktoba kwa mvua baridi, kisha mvua ikageuka theluji, na upepo ukafika kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Katika mji wa Lead, kwenye milima ya Black Hills, theluji ilipimwa karibu sentimita 140. Mji wa Rapid City ulipata zaidi ya nusu mita.

Wafugaji wa eneo hilo wamezoea baridi kali. Kilichowaua ng'ombe safari hii kilikuwa mwezi. Mwanzoni mwa Oktoba, mifugo ilikuwa bado kwenye malisho ya kiangazi, mahali pa wazi, mbali na mabonde na miti inayokinga upepo. Manyoya yao ya majira ya baridi yalikuwa hayajaota. Mvua iliwalowesha hadi kwenye ngozi, halafu upepo na theluji vikafuata. Ng'ombe walitembea wakifuata upepo, wakavuka uzio uliofunikwa na theluji, wakaanguka kwenye makorongo na vijito, wengine wakakusanyika kwenye seng'enge na kufa wamesimama pamoja. Baadhi walipatikana kilomita nyingi kutoka kwa bwana wao, wamechanganyika na wa jirani.

Kaunti ya Meade ilikuwa kati ya zilizopigwa. Kaunti ni ngazi ya utawala chini ya jimbo. Kwa msomaji wa Kongo, anaweza kuifikiria kama teritware. Meade ni kubwa kuliko zote katika South Dakota: ina karibu kilomita za mraba 9,000, karibu mara mbili ya teritware ya Masisi. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2010 iliwakuta wakazi kama 25,000 tu. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni majani, na kazi ya majani hayo ni ng'ombe.

Makadirio ya kwanza yalizungumza juu ya mizoga hadi 100,000 katika eneo lote. Baadaye makadirio yalishuka, lakini kila hesabu ilibaki katika maelfu mengi ya ng'ombe, pamoja na kondoo na farasi. Mashimo makubwa ya kuzikia mizoga yalichimbwa katika kaunti za Meade na Pennington. Wafugaji wa kabila la Lakota katika hifadhi ya Pine Ridge nao walipoteza mifugo yao.

Ili kuelewa hasara yenyewe, lazima kujua kalenda ya ranchi. Ndama huzaliwa majira ya kuchipua, hukua na mama zao kiangazi chote, kisha huuzwa kuanzia Oktoba. Mauzo hayo ndiyo mshahara wa mwaka mzima, na ndiyo yanayolipa deni la benki la mafuta, chakula cha mifugo na kodi ya malisho. Atlas ilikuja majuma machache kabla ya mnada. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe jike mmoja alipoteza vitu vitatu: ndama wa mwaka huu aliyekuwa tayari kuuzwa, mama mwenyewe, na ndama wa mwaka unaofuata aliyekuwa tumboni.

Sheria iliyokuwa imelala

Marekani hupanga mambo ya kilimo kwa sheria moja kubwa ambayo Bunge huitunga upya kila baada ya miaka kama mitano. Sheria ya mwaka 2008 ilianzisha mipango ya kudumu kiasi ya kusaidia wakati wa maafa, ukiwemo ule wa fidia ya mifugo. Lakini mipango hiyo iliwekewa mwisho: ilihusu hasara zilizotokea kabla ya tarehe 1 Oktoba 2011. Baada ya hapo, sheria ilirefushwa kwa muda bila kuipa mipango hiyo pesa.

Kwa hiyo wafugaji waliokumbwa na ukame mkubwa wa mwaka 2012 walikuwa tayari wanangoja walipopigwa na Atlas. Shughuli za serikali zilifunguliwa tena tarehe 17 Oktoba 2013, watumishi wakarudi kwenye meza zao, lakini hawakuwa na fomu ya kumpa mtu.

Wakati huo msaada ulitoka kwa watu wenyewe. Siku chache baada ya dhoruba, vyama vya wafugaji vya South Dakota vilianzisha mfuko wa michango ambao ulikusanya zaidi ya dola milioni 5. Wafugaji wa majimbo mengine walichagua mitamba kutoka kwenye mifugo yao, wakaipakia kwenye malori na kuwapelekea wenzao ambao hawakuwajua hata kwa sura. Kwa mfugaji kijana ambaye deni lake lilikuwa kubwa kuliko mifugo iliyobaki, mitamba michache yenye mimba ilikuwa mwanzo mpya.

Na ushauri mmoja ulirudiwa kila mahali: piga picha. Wafugaji waliambiwa wahesabu mizoga kabla ya kuizika, waandike tarehe na alama za masikio, wamwite daktari wa mifugo au jirani ashuhudie. Hakuna aliyewaahidi kwamba pesa itakuja. Waliambiwa tu kwamba ikija, itamtafuta mwenye ushahidi.

Ilikuja. Tarehe 7 Februari 2014, Rais Barack Obama alitia saini sheria mpya ya kilimo. Safari hii mipango ya fidia ya mifugo na malisho ilifanywa ya kudumu, bila tarehe ya mwisho, na ikarudishwa nyuma hadi Oktoba 2011. Maombi yalianza kupokelewa tarehe 15 Aprili 2014, zaidi ya miezi sita baada ya Atlas. Aliyekuwa na picha na orodha alizipeleka. Aliyekuwa amezika haraka kwa sababu ya harufu na huzuni alianza kutafuta mashahidi.

Asilimia 75, na masharti yake

Mpango wa fidia ya mifugo hulipa asilimia 75 ya bei ya wastani ya soko ya mnyama aliyeuawa na hali ya hewa. Kwa maneno mengine, katika kila ng'ombe 4 waliokufa serikali inalipia 3, na mmoja anabaki juu ya mgongo wa mfugaji.

Hesabu haiishii hapo. Kila mwaka, kila jimbo huwekewa kiwango cha vifo vya kawaida, kwa sababu hata mwaka mzuri mifugo hufa. Vifo vya kiwango hicho havilipwi. Fidia huanza juu yake. Mnyama lazima awe alikuwa wa biashara, na kifo lazima kiwe kimesababishwa na jambo linalotambuliwa: dhoruba, mafuriko, moto, joto kali, ugonjwa fulani uliochochewa na hali ya hewa, au wanyama wa porini waliorudishwa au kulindwa na serikali, kama mbwa mwitu. Maombi na ushahidi lazima vifike ofisini si zaidi ya siku 60 baada ya mwaka kwisha.

Mwanzoni sheria ya 2014 iliweka kikomo cha dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka kwa mipango hiyo ikijumlishwa. Mwaka 2018 Bunge liliondoa kikomo kwa mifugo iliyokufa, lakini kikabaki kwa malipo ya malisho yaliyokauka. Waliotaka kiondolewe walisema dhoruba moja inaweza kula mtaji wa maisha mazima. Wakosoaji nao hujibu kwamba malipo yanayofuata idadi ya vichwa na ukubwa wa ardhi lazima yampe zaidi aliye na zaidi. Pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo maana ubishi haujaisha.

Ndama wa tumboni alichukua muda mrefu zaidi kuingia kwenye hesabu. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ndiyo iliyoongeza malipo kwa ajili ya mnyama aliyekufa kabla ya kuzaliwa.

Ramani ya kila Alhamisi

Kwa ukame, mambo ni tofauti. Hakuna mzoga wa kupiga picha. Majani hayaoti tu, na mfugaji ananunua chakula au anauza mifugo yake kwa bei ya hasara.

Hapa kinachoamua ni ramani. Tangu mwaka 1999, kituo cha utafiti wa ukame cha Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Lincoln, pamoja na Wizara ya Kilimo na idara ya serikali ya hali ya hewa, hutoa kila Alhamisi ramani ya nchi nzima yenye ngazi tano za ukavu, kutoka njano hafifu mpaka wekundu wa giza. Kaunti ikifika ngazi fulani ndani ya msimu wa malisho, wafugaji wake wanapata haki ya kulipwa sehemu ya gharama ya kulisha mifugo, kwa kiwango cha asilimia 60 ya gharama ya mwezi. Ukame ukizidi, miezi inayolipwa inaongezeka mpaka mitano.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba hakuna mwanasiasa anayehitaji kutangaza kitu. Rangi ikifika, haki imefunguka. Ubaya wake ni kwamba kipimo ni kaunti nzima. Inatosha sehemu yoyote ya kaunti ifikie ngazi hiyo ili kaunti yote istahili. Katika kaunti yenye ukubwa wa Meade, mvua inaweza kunyesha upande mmoja na kukosekana upande mwingine. Wote wawili watalipwa. Na mfugaji ambaye majani yake yamekauka vilevile, lakini malisho yake yako ng'ambo ya barabara, kwenye kaunti ambayo rangi haijafika, anabaki akitazama ramani wiki baada ya wiki.

Pesa ilipowafikia wasiopoteza

Mpaka wa kaunti umewahi pia kuleta jambo la ajabu. Mwaka 2002 na 2003, serikali iliendesha mpango mwingine wa kusaidia wafugaji wakati wa ukame. Walilipwa kwa kila kichwa cha mnyama, na hawakutakiwa kuonyesha kwamba wamepata hasara. Ilitosha kaunti yao kuwa imetangazwa kuwa eneo la maafa, hata kama maafa hayo hayakuhusu ukame.

Tarehe 1 Februari 2003, chombo cha anga cha Columbia kilivunjika angani kikirudi duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Mabaki yake yalitawanyika mashariki mwa Texas na sehemu ya Louisiana. Serikali ilitangaza hali ya dharura ili kuwezesha kazi ya kuyatafuta. Tangazo hilo likafungua mlango: wafugaji wa kaunti za Texas walikoangukia mabaki wakastahili msaada wa ukame, hata pale ambapo mvua ilikuwa nzuri na ng'ombe wanene.

Gazeti la Washington Post liliifichua habari hiyo mwezi Julai 2006. Kulingana na uchunguzi wake, mpango huo uligharimu dola bilioni 1.2, na dola milioni 635 katika hizo zilikwenda kwenye maeneo ambako ukame ulikuwa wa wastani au haukuwepo kabisa. Baadhi ya wafugaji walioipokea walisema wenyewe kwamba hawakuihitaji. Hawakuiba, sheria iliwaita waje kuchukua.

Ukiweka Texas ya 2003 kando ya South Dakota ya 2013, picha inakuwa wazi. Upande mmoja, karatasi bila hasara ililipwa haraka. Upande mwingine, hasara bila sheria ilingoja nusu mwaka.

Nani amekaa upande wa pili wa meza

Maombi hayaendi Washington. Yanapelekwa kwenye ofisi ya kaunti ya idara ya wizara iitwayo Farm Service Agency, na juu ya ofisi hiyo kuna kamati ya wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao. Utaratibu huo una mizizi katika miaka ya 1930. Hoja yake inaeleweka: jirani anajua nani alikuwa na ng'ombe wangapi, na nani anadanganya.

Lakini jirani huyohuyo ana marafiki na ana chuki zake. Kwa miaka mingi wakulima weusi walilalamika kwamba ofisi za kaunti ziliwanyima mikopo na misaada, au ziliwachelewesha mpaka msimu ukapita. Kesi yao, maarufu kwa jina la Pigford, ilimalizika kwa makubaliano mwaka 1999, na mwaka 2010 serikali ikakubali kutenga dola bilioni 1.25 zaidi kwa waliokuwa wamechelewa kudai. Mwaka huohuo wa 2010, wakulima na wafugaji wenye asili ya Amerika walifikia makubaliano katika kesi ya Keepseagle kuhusu mikopo ya wizara: dola milioni 680 za fidia na milioni 80 za madeni yaliyofutwa.

Kesi hizo zinagusa fidia ya maafa moja kwa moja. Mtu aliyenyimwa mkopo hapanui mifugo. Asiyepanua mifugo hana vichwa vya kuhesabiwa. Na aliyefukuzwa ofisini mara moja harudi kirahisi siku ya dhoruba.

Aliye kwenye daftari hulipwa kwanza

Tarehe 26 Februari 2024 moto ulianza kaskazini mwa Texas, karibu na mji wa Stinnett. Ulipewa jina la Smokehouse Creek, na ukawa mkubwa kuliko moto wote katika historia ya jimbo hilo: zaidi ya ekari milioni 1, yaani zaidi ya hekta 400,000. Watu 2 walifariki, maelfu ya ng'ombe waliungua au walilazimika kuuawa, na kilomita nyingi za uzio ziliyeyuka.

Tofauti na Atlas, safari hii sheria ilikuwa hai. Ofisi za kaunti zilipokea maombi ya mifugo iliyokufa, na mpango mwingine ulisaidia kugharamia uzio mpya, hadi asilimia 75. Malori ya majani makavu yalifika kutoka majimbo mengine, kama mitamba ilivyofika South Dakota.

Lakini mipango ya kudumu haikutosha kwa hasara zote za mwaka 2023 na 2024. Mwezi Desemba 2024 Bunge lilipitisha msaada wa ziada wa karibu dola bilioni 21 kwa maafa ya kilimo. Mwishoni mwa Mei 2025 wizara ilitangaza dola bilioni 1 za kwanza kwa wafugaji walioumia kwa ukame na moto. Ili kwenda haraka, haikuomba fomu mpya: iliwalipa moja kwa moja wale ambao maombi yao ya malisho yalikuwa yamekwisha kukubaliwa. Kwa mfugaji aliyekuwa kwenye daftari, pesa ilikuja bila kuinua kalamu. Hata hivyo, aliyeumia mwanzoni mwa 2023 alikuwa amengoja zaidi ya miaka miwili.

Ni vigumu kuilaumu wizara kwa kutumia orodha iliyo nayo. Kurudia maombi kungeongeza miezi mingine. Lakini njia hiyo inafanya kila kosa la mwanzo kuzaa jingine. Asiyeandikishwa mara ya kwanza, iwe kwa kutojua, kwa kukaa mbali na ofisi au kwa kutoiamini, anakosa pia malipo ya pili.

Katika vyama vya wafugaji vya South Dakota, somo la 2013 limegeuka kuwa desturi ya kazi: hesabu mifugo kabla ya majira ya baridi, weka risiti za mnada na za chanjo, toa taarifa ya ekari kila mwaka hata kama hakuna shida. Hakuna karatasi inayozuia theluji. Ila mwaka ambao theluji itakuja mapema tena, swali la kwanza litakaloulizwa ofisini litakuwa lilelile: ulikuwa na wangapi, na nani anaweza kuthibitisha?